Mgeni wa Ijumaa

Pepo wa Tunu alikuwa na adabu kuliko wapangaji wengi niliowahi kukaa nao. Alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na kabla hajasema shida yake alisalimia kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mwanamume mzee, nzito, yenye Kiarabu cha hapa na pale, ikitoka katika kifua cha mwanamke mwembamba ambaye siku nyingine ungeweza kushinda naye jikoni kutwa nzima usimsikie. Nyumba nzima tulimwita Mgeni. Mimi ni mbatizwa, nimelelewa misheni huko kusini, na mapepo nilifundishwa kuyakemea. Lakini Mgeni aliponiamkia niliitika. Mtu amekusalimia kwa heshima zake, utaanza vipi kumkemea?

Tulikaa Temeke, nyumba ya vyumba sita na ua nyuma. Mwenye nyumba ndiye mume wa Tunu, Mwinshehe, msimamizi wa makuli kule Kurasini, mtu wa chama, mtu wa mikutano. Mimi na mume wangu Polikarpo, mchonga vinyago, tulipanga chumba kilichotazamana na jiko, kwa hiyo lililopita uani lilipita mbele ya macho yangu.

Watu wa pwani humwita mtu anayepandwa na pepo kiti, kwa kuwa pepo hukaa juu yake. Mgeni alipomtaja Tunu alisema "kiti changu", na alikipigania kiti chake haswa. Mwanzo alidai marashi, ubani na shuka jeupe, madai ya mapepo wote wa aina yake. Halafu akapanua shughuli. Mwinshehe alipoposa mke wa pili kule Chamazi, Mgeni alisema kiti chake hakiwezi uke wenza, na posa ikavunjwa. Paa lilipovuja, Mgeni alilalamika kwamba analowa, bati likanunuliwa. Binti yao Mwanabaraka alipofaulu darasa la saba na baba yake akasema shule imetosha, Mgeni alilia uani hadi majirani wakachungulia, na Mwanabaraka akaenda bweni Morogoro. Tunu mwenyewe hakuwahi kumwomba mumewe hata kiberiti. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni, na kicheko changu kilikuwa cha kumpongeza.

Mwinshehe naye hakuwa mjinga. Aliona. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana. Mtu anayehutubia wenzake juu ya kujitegemea, halafu Ijumaa anazunguka mji kutafuta marashi ya pepo wa mkewe, lazima achekwe. Wenzake walimcheka, na alikuwa mtu asiyependa kuchekwa.

Chumba cha mbele kilikuwa cha Benedikto, muuguzi wa wagonjwa wa akili, kijana wa kwetu kusini, mpole, mwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Alikuwa ametoka kozi na mambo ya kozi bado yanamwasha mdomoni. Jioni moja barazani alimweleza Mwinshehe habari za wagonjwa wake, jinsi mmoja alivyokuwa akipiga mayowe ili ahamishwe kitanda, na walivyomwachisha bila dawa wala kamba.

"Tabia inakula, mzee," alisema. "Waone hao kuku. Wanakuja mlangoni kwa kuwa mnawarushia makombo. Acheni kurusha. Kwanza watazidi, wataingia hadi ndani, watawadonoa miguu. Hapo ndipo wengi wanashindwa, wanarusha tena, na kuku wanajifunza kwamba dawa ni kudonoa. Mkivumilia, wanaondoka wenyewe. Tabia ukijua inakula nini, ukainyima, inakufa."

"Na pepo je?" Mwinshehe aliuliza.

Benedikto alicheka kidogo. "Mie sijasema pepo, nimesema tabia. Ila lazima ujue kwanza kama mtu mwenyewe haumwi. Mwenye maumivu ukimnyima sikio hujamtibu, umemtesa."

Mwinshehe hakusubiri. Aligeuza shingo pale pale alipoketi, akapaza sauti kuelekea ndani. "Mama Mwanabaraka, unaumwa mahali?"

"Sijambo, Baba Mwanabaraka," Tunu aliitika kutoka jikoni.

"Umesikia mwenyewe," Mwinshehe alimwambia Benedikto, na wakaendelea na kahawa yao.

Nikikumbuka hapo natamani kutukana. Tunu alichezwa unyago, akafundwa akafundika. Mambo ya chini ya kitovu mwanamke wa kwao hamwambii mumewe. Anamwambia somo yake, yule mama aliyemfunda wakati akiwa mwali, na somo ndiye anayekwenda kwa mume kuyafikisha kwa lugha ya staha. Mume akiuliza mwenyewe, tena kwa kupaza sauti mbele ya wapangaji, jibu ni sijambo hata kama mtu anakata roho. Mwinshehe alikuwa ameletewa habari za mkewe kwa njia hiyo miaka yote ya ndoa, akazipokea bila kujali njia. Na somo yake Tunu alikuwa amefariki masika yaliyopita. Tangu azikwe, Mgeni ndiye pekee aliyebaki wa kumsemea.

Basi tuliitwa uani kikao. Mwinshehe alisimama akatueleza kama anavyoeleza makuli wake: Mgeni akija, asiitikiwe, asitazamwe, asipewe kitu, kila mtu aendelee na kazi yake. Kura zikapigwa. Tulinyoosha mikono, na wa mwisho kunyoosha alikuwa Bi Somoe, shangazi yake Mwinshehe, bibi kizee aliyeishi nasi. Tunu alikuwa pale pale anachambua mchele. Hakuinua uso.

Ijumaa ikafika. Tunu aliweka mkeka, akajifunika khanga hadi kichwani, akaanza kutetemeka.

"Salaam aleikum, watu wa nyumba hii," Mgeni alisema.

Nilikuwa na ungo wa choroko magotini. Nikaendelea kutoa mawe. Polikarpo aliendelea na patasi yake. Bi Somoe, ambaye tangu utoto wake hajawahi kuacha salaamu ipite bure, alichezesha midomo bila kutoa sauti.

"Salaam aleikum," Mgeni alirudia. Akasubiri. "Jamani, nimekuja vibaya? Nimeingia nyumba siyo?"

Ilinichoma ile. Kumnyima mtu marashi ni jambo moja, hata watoto tunawanyima vitu. Kumnyima mtu jibu la salaamu ni kumwambia hayupo. Mgeni alisalimia mpaka sauti ikakauka, kisha akaondoka, na Tunu akajifunua, akaenda kuwasha moto wa chakula cha jioni.

Baada ya hapo kukawa balaa. Mgeni aliacha kungoja Ijumaa. Alikuja Jumatatu, alikuja asubuhi tunapofagia, alikuja Tunu akiwa na ndoo kichwani. Alivunja mtungi wa Bi Somoe. Alimwaga makaa ya moto uani. Siku moja alikigonga kichwa cha Tunu kwenye nguzo ya jiko mpaka damu ikashuka kwenye nyusi, nasi tumempa mgongo, kila mmoja anajifanya ana kazi. Nilimtazama Benedikto.

"Ndiyo kudonoa huko," alisema kwa sauti ya chini, na uso wake haukuwa na raha. "Tukilegea sasa tumeharibu kabisa."

Mwinshehe yeye alikuwa na raha. Alipoiona ile damu alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayeona mchumba mgumu ameanza kukubali. Nilimchukia siku ile, na sijaona sababu ya kuacha.

Ndipo Mgeni akaanza neno jipya. Hakuomba marashi tena, wala shuka.

"Kiti changu kinavuja," alisema. "Kiti changu kinaoza kwa ndani. Nitakaa wapi?"

Alisema hivyo mchana kweupe, kwa sauti iliyofika barabarani. Hakuna ambaye hakusikia, na wote tulikuwa tumepiga kura ya kutosikia.

Mimi nilikuwa nimeshaona vitambaa. Mwanamke wa umri wa Tunu, ambaye siku zake zilikuwa zimekwisha kukatika, alikuwa akifua vitambaa kila asubuhi na kuvianika chini ya khanga ili jua livipate na watu wasivione. Na harufu ilikuwepo, siyo ya uchafu, maana Tunu alikuwa msafi kupita kiasi. Nikamfuata jikoni.

"Mama Mwanabaraka, Mgeni anasema unaumwa."

"Sijui huwa anasema nini," alijibu huku akipuliza moto. "Akija mie nakuwa sipo."

"Twende hospitali. Mie na wewe, tusimwambie mtu."

"Nitoke bila ruhusa? Na nikiomba ruhusa, nitasema naenda kufanya nini?"

"Basi nitamwambia mie."

Aliacha kupuliza. Macho yalikuwa yamejaa moshi, au machozi. "Ukimpelekea mwanamume mambo yangu ya ndani, Demetria, sitainua uso wangu tena katika nyumba hii. Naomba unistiri."

Sikumstiri. Nilikwenda barazani jioni ile ile, nikasimama mbele ya mumewe. "Shikamoo, Baba Mwanabaraka. Mkeo anaumwa, tena sana. Mpeleke hospitali."

"Marahaba. Kakwambia mwenyewe, au kasema huyo pepo?"

"Kasema pepo. Na mie nimeona vitambaa."

Alisimama haraka, uso umemwiva kwa aibu. "Vitambaa vya wanawake unaniletea mie hapa barazani? Sikia, mama. Sie tulikubaliana. Unachofanya sasa ni kumrushia punje." Kisha akapaza sauti, vilevile kama mara ya kwanza. "Mama Mwanabaraka, Demetria anasema unaumwa. Unaumwa?"

Sauti ya Tunu ikatoka ndani, laini, safi. "Sijambo, Baba Mwanabaraka."

Mwinshehe alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Hapo ndipo nilipoelewa tulichojenga. Yeyote ambaye angemletea habari ya Tunu angekuwa anamlisha pepo, na kwa hiyo hapakuwa na habari ambayo ingeweza kumfikia. Tunu naye hakusema nami tangu siku hiyo, isipokuwa hodi na karibu.

Aliyevunja kura ni Bi Somoe. Ijumaa moja, Mwinshehe akiwa hajarudi kutoka bandarini, yule bibi alitoa chetezo chini ya kitanda chake, akawasha ubani, akamwaga marashi ya mwisho aliyokuwa ameyaficha kwenye kichupa cha dawa ya macho. Mgeni alipotoa salaamu, Bi Somoe alipiga magoti kwenye mkeka akaitika kwa sauti, "Aleikum salaam, bwana mkubwa. Utusamehe."

Mgeni alilia. Sijawahi kusikia kilio kile, sauti ya mzee wa kiume ikilia kwa shukrani.

"Kiti kinaumwa wapi, bwana mkubwa?" Bi Somoe aliuliza. "Tuambie, tukihudumie."

"Tangu Ramadhani," Mgeni alianza. "Tangu Ramadhani kinatoka damu, na sasa mgongo na kiuno..."

Mlango wa ua ukafunguliwa. Mwinshehe alikuwa bado na vumbi la bandarini viatuni. Hakupiga mtu. Alikipiga teke chetezo, makaa yakatawanyika, akamwinua shangazi yake kwa mkono na kumwingiza chumbani mwake. Kesho yake alimpakia kwenye lori la mkaa linalorudi Chamazi, yeye na mkeka wake, akakae na ndugu wengine. Benedikto alijaribu kusema kwamba bibi angeweza kuelezwa tu. Lakini ni yeye aliyekuwa amesema kwamba mmoja akirusha, wote mnaanza upya, na Mwinshehe alimkumbusha.

"Mzee, yale maneno ya damu," Benedikto alisema. "Ningeomba aonwe na daktari."

"Ulisema hakikisha haumwi, nikahakikisha mbele yako. Ulisema vumilia, navumilia. Sasa unataka nini?"

Benedikto aliingia chumbani kwake. Alikuwa mpangaji, na kijana.

Mgeni alikuja tena mara chache. Safari ya mwisho alisema salaamu moja tu, ya chini, ya mtu anayepita asiyetegemea kukaribishwa. Hakungoja jibu. Ijumaa iliyofuata Tunu hakuweka mkeka, alishona mto. Na iliyofuata vilevile.

Mwinshehe alichinja jogoo. Polikarpo alikula akasifu, wanaume wa mtaa wakaja kumpa mkono, na nasikia hata kwenye tawi la chama alisimama akaeleza jinsi alivyoshinda ujinga nyumbani kwake bila mganga. Alimletea Tunu doti ya khanga ambayo haikudaiwa na mtu. Tunu alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaiweka sandukuni na hakuivaa.

Mimi nilitazama mengine. Chumvi ilipokwisha alipika bila chumvi. Mafuta ya taa yalipokwisha alikaa gizani. Paa lilianza kuvuja upande wa kitanda chake, akahamisha mto. Mumewe alisema ana mke mtulivu sasa. Tunu alikuwa anaisha mbele yetu, mikono imekuwa vijiti, na bado anafagia, anachota, anafua vitambaa vyake alfajiri.

Alianguka kwenye foleni ya bomba. Wanawake waliomwinua ndio walioona khanga ilivyolowa, na siri yake ikawa ya mtaa mzima, ile aliyoniomba nimstirie.

Hospitali walimpima. Daktari alitoka akauliza kwa nini ameletwa ugonjwa ukiwa umeshaenea tumboni kote, kwa nini hakuletwa tangu Ramadhani, mwezi nilioutaja mimi kuwa ndipo damu ilipoanza. "Ina maana kipindi chote hicho hakusema?"

Mwinshehe alitazama sakafu. Benedikto, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Alisema," Benedikto alijibu.

Hawakuwa na la kufanya. Walimrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Nesi alitueleza vizuri: mpeni kila atakaposema anaumwa.

Hakusema. Alilala kitandani, midomo ameing'ata hadi ikachanika, jasho linalowesha mto, na ukimuuliza anasema sijambo. Nilimpelekea kidonge na maji, akafumba mdomo. "Dawa ni ya wagonjwa, Demetria." Nilijaribu kukisaga kwenye uji, akakijua kwa uchungu wake, akasukuma bakuli. Benedikto alimsihi kwa upole wote aliokuwa nao. Tunu alimjibu hajambo, akamuuliza habari za kazi.

Mwinshehe alivumilia kutazama siku chache, halafu akashindwa. Alikwenda mwenyewe Chamazi, akampigia magoti shangazi yake, akarudi naye. Sijui marashi aliyapata wapi mwaka ule, wala halua, wala udi wa kweli wa Kiarabu, lakini vyote alivipata. Ijumaa baada ya alasiri tulimtoa Tunu uani kwa uangalifu, tukamlaza kwenye mkeka, juu yake shuka jeupe jipya. Bi Somoe alifukiza. Moshi ukajaa ua. Tulikaa tumemzunguka, wapangaji wote, nyuso zetu zote zimemwelekea yeye. Hata Polikarpo aliweka patasi chini.

Mwinshehe, mtu wa mikutano, alipiga magoti kwenye udongo miguuni pa mkewe.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alisema. Akasubiri kuitikiwa, akarudia. "Shikamoo. Karibu, nyumba ni yako. Nilikukosea, niadhibu mie. Lakini sema. Kiti chako kinaumwa wapi? Nakusikia. Sote tunakusikia. Sema tu."

Tulingoja. Ubani ulifuka, marashi yakanukia, na kope za Tunu zikacheza. Bi Somoe alishika mkono wangu akaubana. Tunu alifumbua macho taratibu, akamwona mumewe amepiga magoti hadharani, mbele ya wapangaji, mbele ya majirani waliojaa mlangoni. Niliona alivyomwonea haya. Alitoa mkono chini ya shuka, mkono uliobaki mifupa, akavuta ncha ya khanga yake afunike mdomo uliochanika.

"Sijambo, Baba Mwanabaraka," alisema.

Mwinshehe aliuliza tena, na tena, mpaka jua likaondoka uani. Kisha tukamrudisha Tunu ndani, nikaviweka vidonge vyake kwenye kikombe karibu na kichwa, mahali ambapo angevifikia kama angetaka, na siku tulipomtoa kwenda kumzika vilikuwa bado vimo, vyote.